Mwizi Mwenye Salamu Nzuri

6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkazamjomba, na kwamba mgongo wake umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mama mzima, anakohoa kidogo asubuhi, ukimuuliza anasema ni vumbi. Mimi bado nipo kwenye ile kazi ya kukaa kutwa nzima na vipokea sauti masikioni nikiwasaidia watu waliofungiwa nje ya akaunti zao. Wengine wanalia, wengine wanatukana, na wapo wanaoapa kwa jina la Mungu kwamba neno la siri ni lile lile walilolitunga wao, ila leo limeamua kuwakataa. Nimezoea.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani. Mjomba, nimekupigia wiki nzima simu yako haipatikani. Ya mkazamjomba nayo haipatikani. Na kukuandikia kwenye akaunti yako siwezi, kwa sababu nina hakika mle ndani kuna mtu mwingine.

Jumatatu iliyopita nilipata ujumbe wako. Ulisema hivi: "Hujambo mpwa wangu kipenzi? Nimekukumbuka sana. Umeshindaje kazini? Usijichoshe." Nikausoma mara mbili. Ujumbe wako wa mwisho kabla ya huo ulikuwa "Picha haionekani." Wa kabla yake ulikuwa "Sawa." Sasa leo hii nimekuwa kipenzi? Kabla sijamaliza kushangaa, mtu huyo akaniambia kuna namba sita zimeingia kwenye simu yangu kwa bahati mbaya, nimrudishie. Namba hizo ndizo zinazofungua akaunti yangu. Ningempa, angeingia kwangu kama alivyoingia kwako, halafu angeanza kuwaomba watu hela kwa jina langu.

Nijibu haraka. Nieleze neno lako la siri lilikuwa la namna gani, lakini usiliandike. Na kuanzia sasa, lolote la akaunti tutaelezana kwa barua tu. Mwandiko wako hakuna mwizi anayeweza kuuiga, hata wewe mwenyewe huwezi kuusoma.

Mama sijamwambia kitu. Unajua mlivyo. Tangu ubadilishe kitasa cha nyumba ya marehemu bibi bila kumwarifu, naye akafika na mizigo yake akasimama mlangoni na ufunguo usiozunguka, huu ni mwaka wa pili hataki kusikia jina lako, wala wewe lake. Mimi simo. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, basi mimi nalima.

Mpwa wako,
Kiherehere (kama ulivyonibatiza)


21 Februari

Kiherehere,

Marahaba. Huku wazima. Mgongo wa mkazamjomba wako umepona, mdomo bado. Seremala wa jirani kapata mtoto, ni kelele mchana kutwa, za mtoto na za randa. Kazi zipo. Watu wanaendelea kupoteza funguo, namshukuru Mungu.

Barua yako imenikuta hasira ziko juu tayari. Jambo hilo nimelijua kabla yako, na nitakueleza nilivyolijua ili usidhani mimi ni mtu wa kulala. Nilikuwa dukani nachonga ufunguo wa watu, mara mkazamjomba wako huyo anakuja mbio, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi. Akanishika paji la uso. Nikamuuliza kulikoni.

"Una homa?"

"Sina."

"Basi una mwanamke. Sema tu, usinizungushe."

Akanionyesha simu yake. Eti nimemwandikia, "Mke wangu mpenzi, umeshindaje, pole na kazi za nyumbani." Nikamwambia maneno hayo si yangu. Akasema hata yeye aliona si yangu, lakini alikuwa ameshatoa hizo namba sita, kwa maana tangu nimuoe hajawahi kuombwa kitu kwa upole kiasi kile. Kwa hiyo akaunti yake nayo imekwenda na maji.

Usiwe na wasiwasi, nimechukua hatua. Simu zote mbili nimezizima, nimezitia kwenye sanduku la chuma, nikalipiga kufuli tatu. Mimi nafunga na kufungua milango ya watu tangu wewe hujazaliwa, na mji huu hauna kitasa kilichonishinda. Huyo mwizi aje sasa tuonane.

Kuhusu neno la siri, lilikuwa zuri, wala silo la kubahatisha. Ni namba ya simu ya duka. Niliichagua kwa akili: imeandikwa kwenye kibao juu ya mlango kwa rangi nyekundu, nikisahau nainua macho tu. Na ndiyo hiyo hiyo ya barua pepe, ndiyo hiyo hiyo ya benki. Kichwa kimoja, ufunguo mmoja. Uliniambia nisiliandike, sikuliandika, nimekueleza tu lilipo.

Nimemaliza. Mama yako anakohoa kitu gani? Nauliza kwa kuwa umemtaja wewe.

Mjomba wako,
Fundi


12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mkazamjomba naye shikamoo, na hongera seremala kwa mtoto. Mama kikohozi kimeisha, alikunywa maji ya moto na limau akaacha kusingizia vumbi. Mimi nimehamishiwa meza ya dirishani, napata hewa.

Naomba radhi kwanza: barua yako niliwasomea wenzangu kazini. Walicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini, akasomewa, naye akacheka. Kweli mganga hajigangi. Mwizi hakuhitaji akili yoyote, Mjomba, alihitaji kupita barabarani tu. Na kuzifungia simu sandukuni hakusaidii, kwa sababu hayumo ndani ya simu. Ni sawa na mtu kaibiwa ufunguo wa nyumba, naye anakwenda kujifungia chooni. Mwizi yuko sebuleni, kanyoosha miguu.

Fikiri kifundi. Yule mwenye gereji alipokuletea ufunguo mmoja unaofungua nyumba, stoo na ofisi, ulimwambia nini? Nilikuwapo. Ulimwambia, "Huo si ufunguo, huo ni ufunguo malaya, siku ukianguka barabarani umekwisha." Sasa wewe umetembea nao miaka yote. Kila akaunti iwe na neno lake. Chukua maneno manne au matano ambayo hayajuani kabisa, yaunganishe. Yasikuhusu: si jina la mkazamjomba, si mwaka uliozaliwa, si kitu ambacho jirani anaweza kukibahatisha. Refu linalokaa kichwani lina nguvu kuliko fupi lililojaa alama za ajabu. Halafu kuna uthibitisho wa hatua mbili, yaani mlango wenye kitasa na komeo. Hata mwizi akiupata ufunguo, anakutana na komeo. Benki nenda leo hii, kwa miguu yako, ukabadilishe.

Sasa jambo lenyewe. Nimelizunguka ukurasa mzima kwa sababu sijui pa kulishika.

Juzi nilirudi kazini nikamkuta Mama jikoni anaimba. Mama haimbi, unamjua. Nikamuuliza vipi leo. Akasema, "Kaka yangu ameniandikia." Miaka miwili ulikuwa "yule mtu," leo umekuwa kaka yangu. Akanionyesha. Mjomba, mwizi amesoma humo ndani yale yote mliyotupiana zamani na Mama, akayatumia kumwomba msamaha. Kwa jina lako, na picha yako ile uliyonuna pembeni. Na Mama amemjibu. Wanaandikiana.

Nilisimama pale na sufuria mkononi. Nikimwambia ni mwizi, nitaua kitu ambacho sijakiona usoni mwake tangu msiba wa bibi. Nisipomwambia, mtu huyo atamwomba namba sita, atazipata. Nimemwambia kwa ujumla tu kwamba namba hizo hapewi mtu yeyote, hata awe nani. Akanitazama akasema, "Hata ndugu yangu wa tumbo moja?"

Niambie nifanyeje.

Kiherehere


28 Machi

Kiherehere,

Salamu. Huku wazima wote, salamu zimetosha.

Nimeombewa msamaha bila idhini yangu! Mwizi wa kawaida huchukua redio, huchukua viatu vilivyoachwa mlangoni. Huyu kaniibia msimamo wangu! Mwambie mama yako leo hii kwamba yule si mimi, mimi sijaomba radhi wala sijamtuma mtu. Kitasa kile kilikuwa kibovu, ulimi umelika, mtoto angekifungua kwa kijiko. Kukibadilisha ilikuwa kazi yangu, kwa maana katika familia hii fundi ni nani? Na ufunguo wa pili niliuchonga, nikauweka kwenye droo ya dukani nikimsubiri aje auchukue. Hakuja. Nilitakiwa nimpigie tarumbeta?

Pili, kwa ajili ya ushahidi, ninakilie yote aliyoandika mwizi, neno kwa neno. Na alivyojibu mama yako. Hasa alivyojibu.

Tatu, usimwambie kwanza. Subiri mpaka niuone ushahidi.

Benki nimekwenda. Binti wa dirishani aliniuliza neno jipya nalitaka liwe nini, nikamwambia geuka huko, nikaliandika peke yangu. Hilo nimekusikia.

Lakini mtaani mambo yameharibika. Mwizi amewasalimu watu wote walio kwenye simu yangu. Kampongeza seremala kwa mtoto, kamuuliza na jina la mtoto, mimi jirani yake wa ukuta mmoja jina hilo nilikuwa silijui. Seremala kanitengenezea kiti cha mikono, kaja nacho mwenyewe, anasema ni asante. Yule mwalimu mstaafu niliyemfukuza dukani mwaka jana karudi na vitasa viwili vya kutengeneza. Akanishika mkono: "Fundi, umebadilika. Umri huu, umebadilika." Ningemwambia nini? Nilipokea vitasa.

Mkazamjomba wako naye ananiudhi. Kila nikiingia ananiuliza, "Ni wewe au ni yule mwingine?" Nikimjibu anasema, "Ah, ni wewe."

Anaimba wimbo gani?

Fundi


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Huku mvua, nguo hazikauki, na Mama kagombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia, kwa hiyo mzima kabisa. Mpe seremala hongera yangu, na kiti ukikalie, usikiweke maonyesho.

Nimenakili, kwa ushahidi kama ulivyosema. Nilimwomba Mama simu nimtazamie picha.

Mwizi: "Dada mpendwa, nimesoma tena yale uliyoniandikia. Ulikuwa na haki. Nyumba ile ni yetu sote, nami nilikufungia nje. Naumia sana nikikumbuka. Nisamehe."

Mama: "Nimekusoma."

Mwizi: "Asante dada yangu. Kuna namba sita zimeingia kwako, nitumie."

Mama: "Ngoja nitafute miwani."

Kesho yake asubuhi, Mwizi: "Umeamkaje dada? Miwani imeonekana?"

Mama: "Imeonekana. Lakini kwanza nikwambie. Siku ile sikukasirika kwa sababu ya kitasa. Vitasa unavijua wewe. Nilitoka safari nataka kuketi kwenye kitanda cha mama nilie peke yangu, nisionwe na mtu. Ufunguo ukakataa. Nikasema moyoni, hata kaka yangu hataki niingie."

Mwizi: "Pole sana dada. Sasa zile namba?"

Mama akamtajia namba. Nilipofika hapo nusura niidondoshe simu. Lakini mwizi akajibu haziingii. Mama akasema labda macho. Akamtajia nyingine, nazo zikakataa. Hivyo hivyo kila akiombwa, na kila mara anatanguliza habari: mara jinsi ulivyokuwa ukimbeba mgongoni kuvuka mfereji mkienda shule, mara kwamba ile nyumba anaiota. Mwizi anasema pole, anasema asante, anauliza namba. Namshukuru Mungu kwa macho mabovu ya mama yangu, lakini siku moja atazipatia.

Kwa hiyo fanya haya bila kuchelewa. Toa simu sandukuni, iwashe, nenda kwenye akaunti yako, chagua kwamba umesahau neno la siri. Namba sita zitakuja kwenye simu yako wewe. Bahati yetu mwizi hajaibadilisha namba ya simu. Ziingize mwenyewe, usimpe mtu, hata mimi, hata nikikupigia nalia. Weka neno jipya kama nilivyokueleza. Kisha tafuta palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa, vitoe vyote. Mwisho weka hatua mbili. Ukimaliza, fanya hivyo hivyo kwa akaunti ya mkazamjomba.

Mama simwambii. Si mimi niliyebadilisha kitasa. Ukishaingia, jina litakalomjibu litakuwa lako kweli, na wewe ndiye utakayejua cha kumwambia. Nakuomba tu, Mjomba, ukumbuke kwamba anaimba. Wimbo siujui, hauna maneno.

Kiherehere


2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na huku wote wazima. Mtoto wa seremala kaanza kucheka. Nimembeba.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya sanduku. Kufuli la kwanza na la pili nilifungua. La tatu ufunguo wake haukuonekana. Nikapekua duka, nikapekua nyumba, nikamtuhumu mkazamjomba wako, akaninunia. Kisha nikakumbuka: nilipokuwa nafunga niliona ufunguo huo ukikaa nje unaweza kuibiwa, nikautupia ndani ya sanduku kabla ya kubana kufuli. Hilo usiwasomee wenzako kazini. Kufuli lenyewe ni la chuma kigumu, nililinunua mimi kwa sababu halichokonoleki. Nimelichokonoa siku mbili, seremala kasimama pembeni ananipa moyo, mkazamjomba wako kaketi kwenye kiti changu kipya anauliza kama aite fundi.

Nikafungua. Nikafanya kama ulivyoagiza, mstari kwa mstari, barua yako magotini. Namba sita zikaja, nikaziingiza mwenyewe. Neno jipya siliandiki hapa na usiniulize. Lina maneno matano. Mkazamjomba wako alinichangia moja zuri sana, ikabidi nilitupe kwa kuwa analijua. Vifaa viwili nisivyovijua nimevitoa. Komeo nimeweka. Akaunti ya mke wangu nayo imerudi, ana neno lake, na hataki kuniambia, anasema ni sheria yako. Nyumba hii sasa ina siri nyingi kuliko tulipokuwa wachumba.

Nilipoingia nikasoma. Nilisoma yote, na yale uliyoninakilia na yaliyokuja baadaye.

Sasa nikueleze nilichofanya, na usinipigie kelele. Watu huja kwangu na ufunguo waliouokota, wanataka niwachongee wa pili. Sichongi, hata wanipe nini. Ufunguo usio wako si wako, hata kama unazunguka. Maneno ya yule mtu yalizunguka, nimeona. Lakini si yangu. Siwezi kuingia kwa dada yangu kwa maneno ya wizi halafu nikaketi. Nikamwandikia: "Yule hakuwa mimi." Nikatuma kabla sijajizuia.

Ameusoma. Hajajibu, na hii ni siku ya nne. Nimeharibu, sivyo? Niambie hali yake. Na uniambie kama bado anaimba.

Mjomba wako


15 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za wote nitakupa chini, hii haingoji.

Barua yako ilipofika nilikimbilia chumbani kwa Mama. Nilimkuta anakunja nguo. Nikaketi kitandani, nikamshika mkono, nikamwambia pole Mama, nilijua muda wote, nilishindwa kukwambia, yule aliyekuwa anakuandikia alikuwa mwizi.

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Mwanangu, wewe si ndiye mtaalamu wa mambo haya?"

"Ndiye."

"Kaka yangu, aniite dada mpendwa? Yule? Nilijua kabla sijamaliza mstari wa kwanza."

Nikamuuliza na zile namba je. Akacheka mpaka nguo zikamponyoka mikononi. Alikuwa anamtajia umri wa watu! Umri wako, na wake, na wangu, kwa mpangilio tofauti tofauti. Macho yake ni mazima kuliko yangu. Mimi nimekaa wiki tisa nakosa usingizi, kumbe mwizi ndiye wa kuonewa huruma.

Nikamwambia, sasa Mama, ulikuwa unamweleza mwizi habari zako zote za moyoni kwa nini? Ya kitanda cha bibi, ya mfereji, kwa nini?

Akaacha kucheka. Akasema, "Sikuwa namweleza yeye. Kaka yangu ni fundi. Nilijua iko siku ataufungua mlango wake, aingie, ayakute yamemsubiri. Ana kwa ana nisingeweza kuyasema, na yeye asingekaa kuyasikiliza."

Basi hizo ni habari zako, Mjomba. Zote. Kukujibu alikuwa hajakujibu kwa sababu alikuwa anapima maneno. Leo amekujibu, nimeona kwa macho yangu kabla hajatuma: "Najua hakuwa wewe. Wewe unasemaje?"

Sasa simo tena. Wote tu wazima. Msalimu mkazamjomba.

Kiherehere


24 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeuona ujumbe.

Leo duka nimelifunga. Wateja wamegonga, mkazamjomba wako kawaambia fundi ana kazi ya kuandika.

Siku njema.

Mjomba


3 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, na mkazamjomba shikamoo. Nimeongezwa cheo kidogo kazini, sasa nawafundisha wageni. Nawaelezea habari za namba ya kwenye kibao, bila kukutaja. Jirani wa kamba amepatana na Mama. Mvua imekatika.

Ujumbe wako uliingia Jumapili tukiwa mezani. Ulikuwa mrefu, niliona tu jinsi kidole cha Mama kilivyokuwa kinausukuma juu, kinasukuma, kinasukuma. Alianza kuusoma ameketi, akainuka, akaenda dirishani. Akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi. Nilimfuata nikanyoosha mkono nione umesema nini, akaibana simu kifuani kwa mikono yote miwili.

"Hapana," akasema. "Huu ni wangu."

Sasa sikiliza. Mama simu yake ilikuwa wazi kama soko. Miaka yote namsihi aweke neno la siri la maana, ananijibu yeye hana cha kuibiwa. Jumapili hiyo hiyo, chakula kikiwa bado mezani, akaniambia, "Nifundishe kufunga. Nataka refu." Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, maneno yasiyojuana, yasiyomhusu. Nikamwonyesha na hatua mbili. Tulipofika pa kuandika akanitoa chumbani, mimi mwenye kazi yangu, akafunga na mlango. Nilimsikia humo ndani anarudia rudia midomoni mpaka likamkaa. Alipotoka akaniambia ameliweka, na nisipoteze muda kulitafuta.

Silitafuti. Nimewafungulia watu akaunti zao asubuhi na jioni mpaka sikumbuki nyuso, na kwa kweli ningejua pa kuanzia. Lakini hii ya Mama naipita kama mtu anavyopita mlango wa wazazi. Ulichomwandikia sitakijua, barua yako haikusema neno, na yeye hasemi. Nimeumia kidogo, nakuambia ukweli. Nimefurahi zaidi.

Anakuja huko. Jumamosi ya tarehe ishirini, basi la asubuhi, na mizigo mitatu, mmoja ni mito ya kitanda cha bibi kwa sababu anasema iliyoko huko umeiacha ioze. Anataka umpokee kituoni wewe mwenyewe, usitume mtu. Na usichelewe, anasema, kwa maana yule mwizi alikuwa ameshakubali kuja kumbebea.

Mpwa wako akupendaye,
Kiherehere